Nzi mchora majani: fungua jani kabla hujafungua chupa ya dawa

Michirizi myeupe inayojipinda kwenye jani la nyanya, maharage au njegere ni njia aliyopita funza wa nzi mdogo sana. Njia hiyo haifutiki. Funza akishatoka, au akishakufa, au akishaliwa na nyigu, mchirizi unabaki palepale mpaka jani lianguke. Kwa hiyo mkulima anayepuliza dawa kwa kuwa tu ameona michirizi huenda anapulizia nyumba iliyokwisha kuhamwa. Tena anapofanya hivyo anaua vinyigu vilivyokuwa vikimfanyia kazi bure, na wiki tatu baadaye nzi wanarudi wengi kuliko mwanzo.

Mwongozo huu unahusu nzi wa jamii ya Liriomyza, ambao baadhi ya wakulima huwaita vidomozi, jinsi wanavyosumbua mboga na maua katika Kenya na Tanzania.

Ratiba ya maisha yake

Nzi mwenyewe ana urefu wa milimita 1 hadi 2.5, mweusi mwenye njano, na ukimtazama kwa lenzi utaona doa la njano mgongoni, nyuma ya mabawa yanapoanzia. Jike hutoboa jani kwa ncha ya tumbo lake na kunyonya maji yanayotoka. Dume hana uwezo wa kutoboa, hivyo hunyonya kwenye matundu ya jike. Matundu hayo huonekana kama vidoa vyeupe vidogo, na ndiyo dalili ya kwanza kabisa, siku kadhaa kabla ya mchirizi wowote. Sehemu ndogo tu ya vidoa hivyo ina mayai, vingine ni vya kula tu. Basi jani lenye vidoa mia si jani lenye funza mia.

Yai hutagwa ndani ya jani na huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5. Funza hula kati ya ngozi mbili za jani kwa siku 4 hadi 7 kukiwa na joto. Akikomaa, akiwa na milimita 3 hivi, hukata mpasuo wa nusu duara kwenye ngozi ya jani, kwa kawaida asubuhi mapema, kisha huanguka chini. Hujizika kwenye sentimita 5 za juu za udongo na kugeuka pupa ya kahawia. Kuna pupa chache zinazonasa juu ya jani. Baada ya siku 7 hadi 14 nzi mpya anatoka.

Joto ndilo linaloamua kasi. Kwa spishi ya Liriomyza trifolii, safari nzima kutoka yai hadi nzi huchukua takriban siku 54 kwenye nyuzi 15, siku 26 kwenye nyuzi 20, na siku 12 tu kwenye nyuzi 35. Mkulima wa milimani ana muda wa kupima na kufikiri, ila wa bonde lenye joto akichelewa wiki mbili amekwisha kupata kizazi kingine.

Katika mzunguko huo wote, dawa ya kugusa mwili inampata nzi mzima peke yake. Yai na funza wamefichwa na jani, pupa imefichwa na udongo.

Mimea anayoishi juu yake

Spishi tatu zinazotusumbua zote zina asili ya bara la Amerika. Liriomyza trifolii iliingia Kenya mwaka 1976 pamoja na vipandikizi vya maua ya krisanthemamu kutoka Florida, na tangu hapo imekuwa mwenyeji. Kila spishi ina tabia yake, na kuzijua kunakusaidia kubashiri ni zao lipi litaanza kushambuliwa.

Liriomyza huidobrensis ndiye wa milimani. Ni mweusi zaidi na mkubwa kidogo kuliko wenzake. Hupenda njegere, maharage ya kijani (mishiri), viazi mviringo, spinachi, seleri na maua mengi. Funza wake huchimba tabaka la chini la jani, hivyo michirizi mara nyingi huonekana vizuri zaidi upande wa chini, ikifuata mshipa mkuu na kukusanyika karibu na kikonyo. Mkulima anayekagua upande wa juu peke yake hupitwa naye.

Liriomyza sativae na trifolii huonekana zaidi maeneo ya chini na yenye joto. Wanashambulia nyanya, maharage, kunde, bamia, matango, tikiti maji na pilipili hoho, na trifolii ana mapenzi ya pekee kwa krisanthemamu, jabera na seleri. Michirizi yao iko upande wa juu wa jani, inazunguka ovyo, na ndani yake kuna mstari mweusi wa kinyesi uliokatikakatika, mara upande huu mara upande ule.

Viazi vina jambo la kuvutia. Jani changa linalokua husukuma mayai nje ya tishu zake, yakabaki juu ya jani na kukauka. Ndiyo maana kwenye viazi michirizi huanza majani ya chini yaliyokomaa na kupanda juu kadiri mmea unavyozeeka. Michirizi ikiishia robo ya chini ya mmea wa viazi ambao umeshafunga ardhi, hakuna haja ya kuhangaika.

Magugu ni hifadhi yake kati ya msimu na msimu. Kagua kishona nguo, mnavu pori, mchicha pori na galinsoga, yaani lile gugu la maua madogo ya njano yenye vipande vyeupe pembeni linalojaa bustanini. Lakini usiyang'oe yote kwa hasira. Magugu hayohayo huhifadhi pia vinyigu, na mengine huchorwa na nzi wa spishi nyingine wasiogusa mazao. Ng'oa yaliyo ndani ya shamba na yaliyo mita chache kuzunguka kitalu, na ufanye hivyo wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Ukiyang'oa siku ya kupandikiza, nzi wote waliokuwa huko watahamia kwenye miche yako jioni hiyo hiyo.

Hakikisha ni yeye

Wachoraji wa majani ni wengi na dawa zao hazifanani. Kantangaze wa nyanya, Tuta absoluta, ni nondo. Funza wake hutengeneza baka pana linaloonyesha mwanga, ana kichwa cha kahawia na miguu, huweza kutoka jani hili akaingia jingine, na hutoboa tunda. Funza wa nzi hana kichwa kinachoonekana wala miguu, mchirizi wake ni mwembamba, na akishatoka kwenye jani harudi.

Kwenye michungwa na milimao, mchirizi wa rangi ya fedha wenye mstari mmoja wa kinyesi katikati, kwenye majani machanga yaliyojikunja, ni wa nondo mwingine. Kwenye viazi, nondo wa viazi naye huchora majani kwa mabaka.

Kwenye maharage kuna ndugu wa karibu aliye hatari zaidi: nzi wa maharage, Ophiomyia. Huyu ni mweusi mtupu. Funza wake huanzia kwenye jani lakini hushuka hadi shinani. Mche wa wiki mbili au tatu ukinyauka, na shina likiwa limevimba na kupasuka usawa wa udongo, menya gome pale chini utakuta pupa. Mengi ya maelezo yanayofuata hayamsaidii mkulima mwenye nzi wa maharage. Yeye anahitaji mbegu iliyotiwa dawa, kupanda mapema na kupandisha udongo shinani.

Hatua ya kwanza: hesabu walio hai

Unahitaji lenzi ya mkono inayokuza mara 10, pini, na karatasi. Pita shambani kwa mkato wa herufi W na uchume majani 30 yenye michirizi, kila moja kutoka mmea tofauti, ya katikati ya mmea. Ya chini kabisa yanaonyesha mambo ya zamani. Nyosha jani kuelekea mwanga, fuata mchirizi kutoka ulipo mwembamba hadi ulipo mnene, kisha fungua ngozi ya jani kwa pini pale mwisho.

Utakuta moja ya mambo haya:

- Funza wa njano au rangi ya krimu, amejaa, anachezesha ndoano nyeusi ya mdomo. Huyu yuko hai.
- Mpasuo wa nusu duara na hakuna kitu ndani. Ameshatoka, yuko udongoni.
- Funza mlegevu, wa kahawia, amesinyaa. Pengine nyigu amemchoma na kumnyonya. Nyigu jike wa aina fulani huua funza wengi kwa kula tu, mbali na wale anaotagia mayai.
- Funza mfu akiwa na kiumbe kingine pembeni yake, au pupa nyeusi ndani ya mchirizi iliyozungukwa na vijiti vidogo vyeusi vinavyoshikilia ngozi ya jani isiiangukie. Huyo ni nyigu Diglyphus isaea.
- Tundu la duara kamili kwenye ngozi ya jani. Nyigu ametoka hapo. Nzi hatoki kwa tundu la namna hiyo.

Andika idadi ya kila kundi. Wapo vinyigu wengine, kama Phaedrotoma scabriventris na jamii ya Opius, ambao hawaonekani kwa njia hii, kwa sababu yai lao hukaa ndani ya funza aliye hai na nyigu hutoka baadaye kwenye pupa. Phaedrotoma aliletwa Kenya kutoka Peru na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kwa lengo hilohilo la kupunguza nzi hawa. Ili kuwahesabu, weka majani mengine 30 yenye funza hai ndani ya chombo chenye kuonyesha, tandika karatasi ya shashi chini ili inyonye unyevu, funika kwa kitambaa chepesi, na ukiweke kivulini. Baada ya wiki mbili hadi tatu hesabu nzi wa njano na weusi upande mmoja, na vinyigu vyembamba vyenye papasi ndefu au mng'ao wa kijani upande wa pili. Bila karatasi ya shashi majani huoza, kila kitu hufa, na hesabu inakosa maana.

Sinia chini ya mimea

Njia hii inafaa nyanya. Weka masinia ya plastiki yasiyo na kina chini ya mimea kadhaa, yapate kudaka funza wanaoanguka. Kila siku kwa siku tatu au nne hesabu pupa na uwaondoe. Wakulima wa nyanya wa California hutumia kiwango cha wastani wa pupa 10 kwa sinia kwa siku, kwa siku tatu au nne mfululizo, ndipo wafikirie dawa. Hali yako si ile ya California, lakini kiwango hicho kinaonyesha jinsi mmea mkubwa wa nyanya unavyovumilia. Sinia likikaa juani mahali penye siafu na sisimizi, hesabu itakuwa ndogo kuliko ukweli, kwa kuwa wao ni wepesi kubeba pupa.

Mitego ya njano

Mtego wa njano wenye gundi, usawa wa ncha za mimea na ukiinuliwa kadiri mimea inavyokua, unakuambia nzi wamefika. Minne kwa ekari, ikikaguliwa mara mbili kwa wiki, inatosha kwa kupima. Kitalu kidogo kinaweza kuwekewa zaidi ili kupunguza nzi. Shambani usijaze mitego ukitumaini itamaliza tatizo, kwa sababu inanasa na vinyigu pia.

Hatua ya pili: amua

Miche na mimea michanga haina majani ya kupoteza. Jani la kwanza la maharage likijaa vidoa na michirizi, mche hudumaa. Hapa chukua hatua mapema.

Kwa mmea uliokwisha kukomaa, ambao sehemu inayouzwa si jani, angalia uwiano. Ikiwa nusu au zaidi ya funza uliowafungua wamekufa au wana nyigu, acha. Rudia hesabu baada ya siku saba. Mara nyingi utaona walio hai wanapungua bila wewe kugusa kitu. Ikiwa walio hai ni wengi, nyigu hawaonekani, na michirizi inapanda kuelekea majani yanayolisha matunda, endelea hatua zinazofuata.

Kwa mboga ya majani, seleri, maua, na njegere zinazoliwa na ganda lake, uvumilivu ni mdogo sana kwa sababu mnunuzi hukataa alama yenyewe. Hapa vita hupiganwa kitaluni na kwenye udongo, kabla alama haijaonekana.

Hatua ya tatu: mfungie njia

Kitalu kifunikwe kwa neti yenye matundu yasiyozidi milimita 0.6. Chandarua cha mbu hakitoshi. Matundu yake huzidi milimita moja na nzi huyu hupita bila shida. Mlango uwe wa pazia mbili. Kagua kila trei ya miche uliyonunua kabla haijaingia shambani, na mche wenye vidoa vyeupe usipandwe hata kama hauna mchirizi: huenda mayai yamo.

Zao lililokwisha lisiachwe limesimama. Shamba la maharage lililovunwa na kusahauliwa kwa wiki tatu ni kiwanda cha nzi kwa jirani yake. Lima mabaki yafunikwe kwa sentimita 15 au zaidi, au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani wiki tatu. Kuyarundika pembeni ya shamba hakusaidii, kwa kuwa funza huendelea kukomaa kwenye jani linalonyauka taratibu.

Acha udongo bila mmea anaoupenda kwa wiki tatu hadi nne sehemu za joto, zaidi milimani. Zungusha na mahindi, ambayo hayamfai nzi huyu. Kulima juujuu mara mbili katika kipindi hicho huzileta pupa juani na kwa ndege. Tandazo la plastiki katikati ya mistari ya nyanya nalo husaidia: funza akianguka juu yake hukauka au huliwa kabla hajapata udongo.

Kukatia majani ya chini ya nyanya ni kuzuri mwanzoni mwa shambulio. Lakini vinyigu vikishaongezeka, majani hayohayo ya chini ndiyo yamejaa wao. Ndiyo sababu ya kufungua jani kwanza.

Mbolea ya naitrojeni ukiizidisha unamwita. Majani laini yenye naitrojeni nyingi hutagiwa zaidi na funza hukua vizuri ndani yake. Gawanya urea au CAN kwa vipindi, usimwage yote kwa mara moja.

Hatua ya nne: dawa, ikibidi

Epuka pairethroidi na dawa nyingine zinazoua kila kitu. Nzi wamezizoea, nyigu hawajazizoea, na matokeo yake ni mlipuko. Zinazofaa ni zile zinazopenya ndani ya jani au kuvuruga ukuaji wa funza: abamektini, siromazini, spinosadi, na azadiraktini inayotokana na mwarobaini. Nunua iliyosajiliwa kwa zao lako na mamlaka ya viuatilifu: PCPB kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania.

Kosa la kwanza hutokea kwenye kupima. Ikiwa lebo inasema mililita 10 kwa lita 20 na bomba lako ni la lita 16, kipimo chako ni mililita 8, si 10. Tumia sirinji; kifuniko cha chupa si kipimo. Kisha jua unatumia maji kiasi gani: tia lita 10 za maji matupu, puliza eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, pima yaliyobaki. Uliyotumia zidisha kwa 40, hayo ni maji kwa ekari moja. Ukitumia lita 5, unahitaji lita 200, yaani mabomba kumi na mawili na nusu ya lita 16.

Puliza jioni. Abamektini huvunjwa na jua upesi, na inahitaji saa kadhaa kuingia ndani ya jani. Pia nyuki wameshaondoka. Hakikisha upande wa chini wa jani unalowa, hasa ukiwa na spishi ya milimani.

Siromazini haimuui nzi mzima. Humzuia funza mchanga asijivue ngozi, hivyo utaona wakiishi siku chache baada ya kupuliza. Wengi hukata tamaa siku ya pili na kuongeza dawa nyingine juu yake. Subiri siku tano, kisha fungua majani 30 uhesabu upya, ukiangalia michirizi mipya kwenye majani ya juu.

Usirudie kundi moja la dawa, yaani zile zinazoua kwa njia moja, kwa vizazi viwili mfululizo. Abamektini iko kundi la 6, spinosadi la 5, siromazini la 17. Namba hiyo huandikwa kwenye lebo nyingi. Majina mawili ya biashara yenye kiambato kimoja ni dawa ileile. Ukitumia abamektini mwezi huu, kizazi kijacho kitafutie namba nyingine.

Vinyigu vya Diglyphus huzalishwa na kuuzwa Kenya, na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye banda la neti kuliko shamba wazi. Viachilie asubuhi au jioni kukiwa na ubaridi, wakati funza bado ni wachache. Kabla ya kuviachilia, uliza muuzaji dawa uliyopuliza mwisho inakaa siku ngapi ikiwa na sumu kwao. Vinyigu vilivyoachiliwa juu ya pairethroidi ya wiki iliyopita ni fedha iliyotupwa.

Kwa wanaosafirisha nje

Funza mmoja hai ndani ya katoni hutosha kusimamisha mzigo wa maua au njegere zinazokwenda Ulaya, na wakaguzi wa KEPHIS, shirika la afya ya mimea la Kenya, hutafuta hasa nzi hawa. Baridi ya ghala inaua, lakini si yote. Kwenye nyuzi 0, funza na hatua nyingine hufa katika wiki moja hadi mbili, ila yai lililotagwa jana huweza kuhimili hadi wiki tatu. Kwa vipandikizi vya krisanthemamu suluhisho ni kuviacha kwanza kwenye joto la kawaida siku 3 hadi 4 ili mayai yaanguliwe, kisha kuviweka nyuzi 0 kwa wiki moja hadi mbili.

Njegere na mishiri haziwezi kusubiri hivyo. Kwa hizo, kagua maganda mezani kwa taa yenye mwanga mkali, ukitafuta vidoa vyeupe karibu na kikonyo, na toa kila ganda lenye alama kabla halijapoozwa. Sanduku la mabaki ya uchambuzi lifungwe na liondoke kwenye banda kila jioni. Likilala wazi pale, nzi wataruka kurudi kwenye mistari inayofuata kuvunwa.